Paa Moja kutoka Lodwar hadi Daraja Mbili

Barabara ya A1 inaingia Kenya kutoka Tanzania pale Isebania, inapita Migori, Kisii, Kisumu, Kakamega na Kitale, kisha inateremka nyika kavu ya Turkana hadi Lodwar, Kakuma na Lokichogio, karibu na mpaka wa Sudan Kusini. Abiria anayeisafiri yote atavaa na kuvua sweta njiani, atapita miwa, mahindi na mchanga mtupu, atasikia lugha za kila namna vituoni. Lakini popote atakaposhuka, akiinua macho ataona kitu kimoja: bati la mikunjo lililopigiliwa juu ya mbao, bila dari, juu ya chumba cha futi kumi kwa kumi. Lodwar ni hivyo, Kitale ni hivyo, Kisii ni hivyo. Jua na mvua vinabadilika, paa halibadiliki.

Nilikuwa na sababu ya kulitazama paa hilo kwa makini. Shemeji yangu alikuwa amefika kwenye lenta ya vyumba vyake vya kupangisha karibu na Daraja Mbili, mjini Kisii, na alinipigia simu nikiwa Lodwar kikazi. "Shemeji, wewe ndiwe unayeandika mambo ya majengo. Pitia hapa kabla sijapiga mabati." Nikamwambia nitapitia, ila nitakuja polepole, nikiangalia nyumba za watu njiani.

Lodwar iko kama mita 500 tu juu ya usawa wa bahari. Mvua yake ya mwaka mzima, takriban milimita 200, Kisii huipata katika mwezi mmoja mzuri wa masika. Joto la mchana hupita nyuzi 35 bila mtu kushtuka. Chumba nilichopangishwa kilijengwa kwa matofali ya simiti ya inchi sita, kikapigwa plasta safi ndani na nje, na ukuta wake mrefu ukatazama magharibi. Alasiri ukuta huo haukushikika. Jua lilipozama nilidhani nimeokoka, kumbe ndipo ulipoanza kutema ndani joto lote ulilolimeza tangu adhuhuri. Feni ya mezani ilizungusha hewa ile ile ya moto, na kila mzunguko ulikuwa unalipiwa. Kwa miaka mingi mji huu umetegemea jenereta za dizeli kwa stima yake, ilhali umeme wa Turkwel, bwawa la megawati 106 lililoanza kazi mwaka 1991 katika eneo hili hili kame, ulikuwa ukipandishwa milimani kwenda kuwasha taa za watu wengine.

Mama mwenye nyumba aliponikuta nimekaa kizingitini usiku, shati mkononi, alicheka. "Mwanangu, hicho chumba ni cha kufungia sanduku. Kulala ni nje." Na kweli, uani walikuwa wameshatandika, watoto upande mmoja na wakubwa upande wa pili. Nikavuta godoro.

Nje kidogo ya mji, kwenye maboma ya Waturkana, nilikuta nyumba zisizo na shida hiyo. Fito zimekunjwa zikawa kuba, zikafunikwa makuti ya mkoma, na mahali pengine ngozi. Wajenzi ni wanawake. Hakuna ukuta mzito wa kuhifadhi joto, upepo unapenya kila upande, na jua likishatua nyumba imepoa papo hapo. Wasomi wa ujenzi hupenda kusema kwamba dawa ya nchi kavu yenye joto ni ukuta mnene wa udongo, na wana hoja: ukuta wa sentimita 30 huweza kulichelewesha joto kwa muda wa saa 8 hivi au zaidi, likaingia ndani usiku wakati hewa ya nje imeshakuwa baridi na madirisha yanaweza kulifukuza. Ndivyo wanavyoishi watu wa nyanda za juu za Yemen. Lakini ukuta mnene unahitaji usiku wa baridi wa kuushushia mzigo wake, na usiku wa Lodwar hukaa karibu na nyuzi 25. Mwanamke wa Kiturkana anayekunja fito hakusoma hayo popote, ila nyumba yake imeyajibu kwa usahihi kuliko chumba changu cha plasta.

Siwapambi. Wale wale niliowasifia nyumba walitaka kujua bei ya mabati Kitale. Makuti hushika moto, nyoka huingia, upepo ukileta vumbi huleta lote, na huwezi kupiga kufuli kwenye kuba la fito ukaenda mjini siku tatu. Bati lilishinda kwa sababu za haki kabisa. Linabebeka kwenye lori, halivuji, haliozi, na mtu akiwa nalo anahesabiwa kuwa amejenga. Kumcheka anayelitaka ni anasa ya mgeni mwenye tiketi ya kurudi.

Kwa hiyo nilifurahi kwenda Loropio, kwenye ufuo wa magharibi wa Ziwa Turkana, kutazama chuo cha Startup Lions, kilichokamilika mwaka 2021 kwa michoro ya Francis Kéré. Ni mahali vijana wanapofunzwa kazi za kompyuta. Ukikiona kwa mbali unaona minara mirefu ya rangi ya udongo imesimama juu ya majengo, na anayelijua eneo hilo hahitaji kuambiwa imeigwa wapi, kwa maana vichuguu vya mchwa vya Turkana huenda juu vivyo hivyo, vyembamba na virefu kumzidi mtu. Kazi ya minara ni nyepesi kueleza. Hewa ya moto hupanda. Ukiipa njia ya kutokea juu, itavuta hewa nyingine iingie kwa chini, kupitia matundu yaliyo kivulini. Chumba kinapumua bila mashine, na madirisha makubwa yanayoingiza vumbi kwenye kompyuta hayana haja ya kufunguliwa. Mawe yalichimbwa karibu. Juu kuna baraza zenye vivuli vya fito.

Kéré alizaliwa Gando, Burkina Faso, mwaka 1965, na mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, ambayo kwa wasanifu majengo hakuna iliyo juu yake. Ila kilichonivutia kwake si tuzo, ni shule ya msingi aliyoijengea kijiji chake mwaka 2001. Pale hakulikataa bati. Aliweka dari ya matofali ya udongo juu ya madarasa, halafu akaliinua bati juu zaidi, kwenye fremu ya nondo, upepo ukapita katikati. Bati likachomwa na jua peke yake huko juu. Watoto wako chini ya udongo. Ni bati lile lile linaloshuka kwenye malori ya A1, lakini kwa mara ya kwanza mtu alikuwa ameliuliza: joto lako unalipeleka wapi?

Safari ya kupanda kutoka Lodwar ni ndefu, takriban kilomita 300 hadi Kitale. Lokichar, Kainuk, kisha milima ya Marich inakubana pande zote, gari linapumua kwa shida, na ghafla kuna majani mabichi. Kwa kila mita 1,000 unazopanda hewa hupungua joto kwa takriban nyuzi 6, na abiria hawahitaji kipimo kulijua hilo. Kapenguria, zaidi ya mita 2,000, shuka zilitolewa mikobani. Mwenzangu wa kiti, mfanyabiashara wa mbuzi, alijifunika mpaka pua akalala. Dirishani paa zilikuwa zile zile, sasa zikitoa moshi wa kuni kwenye viungo vyake, maana nyumba iliyotengenezewa kuungua Lodwar hutetemeka Kapenguria. UN-Habitat, yenye makao yake Gigiri, Nairobi, imewahi kuchapisha mwongozo mnene wa ujenzi kwa Afrika Mashariki, ukaligawa eneo letu kwa kanda za hali ya hewa, kila kanda na nyumba yake. Sijawahi kuuona mikononi mwa fundi.

Kisumu nilipita tu. Ni joto jingine, la unyevunyevu, ambalo nafuu yake ni upepo wa ziwa. Watu wa Lamu wanaliweza zaidi, kwa vichochoro vyembamba ambavyo jua haligusi ardhi yake isipokuwa kwa muda mfupi adhuhuri. Nilichokiangalia Kisumu ni mikeka ya mafunjo iliyopangwa kando ya barabara, imefungwa marundo. Nikaiweka akilini. Kutoka hapo ni Ahero, Sondu, Oyugis, na vilima vya Gusii vikaanza: migomba, mikaratusi, chai, nyumba juu ya kila mgongo wa mlima. Hapa hakuna pori la kupumzishia macho. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira, na Kisii peke yake ilikaribia watu elfu moja kwa kila kilomita mraba.

Mtu atauliza, Kisii na joto la nyika kavu wapi na wapi? Mji uko kama mita 1,700 juu, mvua hunyesha karibu miezi yote, na usiku hushuka hadi nyuzi 15 hivi. Ni swali zuri, na jibu lake liko Daraja Mbili saa saba mchana.

Soko la Daraja Mbili ni miongoni mwa masoko makubwa ya wazi magharibi mwa Kenya. Siku ya soko ikifika huoni ardhi: mitumba imemwagwa juu ya maturubai, mikungu ya ndizi imesimamishwa, kuku wamefungwa miguu, mikokoteni inapigiwa mluzi ipishwe. Juu ya vichwa vya wauzaji kumefungwa karatasi za nailoni, nyeusi au buluu, chini kiasi cha mtu mrefu kuinama. Niliinama. Joto la chini ya nailoni nyeusi halikuja na upepo, lilishuka moja kwa moja utosini, na hapo ndipo nilipoikumbuka Lodwar. Nje ya ile karatasi, hatua mbili tu, hewa ilikuwa ya Kisii, nyepesi na ya kupendeza. Ndani ilikuwa nchi nyingine.

Omong'ina mmoja, mama mtu mzima wa Kigusii, aliyekuwa akiuza chinsaga na managu alikuwa amekaa mahali pa maana: kwenye kivuli cha ukuta, si chini ya nailoni. Mboga zake zilifunikwa gunia lililoloweshwa. Kila baada ya muda alichovya vidole kwenye ndoo akalinyunyizia, bila kuangalia, huku akipiga bei na wateja. Nikachutama, nikapitisha mkono chini ya gunia. Baridi. Maji yakigeuka mvuke huchukua joto kwenda nalo, na gunia halina siri zaidi ya hiyo. Mtungi wa maji wa udongo hufanya kazi hivyo, na mashine za kupooza hewa za nchi kavu hufanya hivyo hivyo kwa feni na mabomba. Nilimwuliza managu yasiponyunyiziwa yatadumu kwa muda gani. "Mpaka saa nane," akasema, "halafu utayanunua wewe kwa bei ya huruma."

Kwamba mji hujitengenezea hali yake ya hewa si habari mpya. Mwingereza mmoja muuza dawa, Luke Howard, alipima joto la London na la mashamba yanayoizunguka mwanzoni mwa karne ya 19, akaonyesha kwamba usiku wa mjini una joto zaidi. Sababu zake hazijabadilika. Ukiondoa majani, umeondoa kitu kilichokuwa kikitoa mvuke na kupooza hewa. Ukiweka mahali pake simiti na lami, umeweka kitu kinachomeza joto mchana na kulirudisha usiku. Ukisimamisha ghorofa tano hapa na tano pale, na kati yake kichochoro cha kupita mtu mmoja mwenye mkoba, umeuzuia upepo. Bonde la Kisii lilikuwa na mito midogo na vinamasi vya kuvutia hewa ya baridi jioni, lakini leo Nyakomisaro, mto unaokatiza mjini, watu huutambua kwa harufu. Miti mikubwa iliyobaki mjini ni ya makanisa, shule na ofisi za serikali. Katika vyumba vya chini vya ghorofa mpya nilikuta taa zinawaka saa sita mchana, kilomita zisizofika 100 kutoka ikweta. Ukitaka kuijua gharama ya usanifu mbaya, sikiliza kile kidude cha tokeni za stima kikilia.

Na hapa kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya havitusaidii nalo. Vinahangaika na ukuta na dirisha, kwa sababu jua lao hupita chini. Kisii iko chini ya nyuzi moja kusini mwa ikweta, Lodwar nyuzi tatu kaskazini. Jua letu ni la utosi. Ukuta wa mashariki hupigwa asubuhi, wa magharibi jioni, wa kaskazini na wa kusini hupata kidogo tu, lakini paa hupigwa tangu saa tatu hadi saa kumi. Nusu ya makosa ya nyumba ya Kenya yamo kwenye paa, na nusu ya pesa za mwenye nyumba zimekwenda kwenye vigae vya sebuleni.

Bati jipya linaumiza macho kwa sababu huakisi sehemu kubwa ya mwanga. Lile joto kidogo linalolinyonya, hata hivyo, linajikusanya. Likishika kutu hata kuakisi linaacha. Halafu joto hilo halihitaji hewa ili kumfikia aliye chini yake, linamfikia kwa mnururisho, kama lile la jiko la makaa linavyokufikia usoni ukiwa umekaa mbali. Ndiyo maana kufungua dirisha chini ya bati tupu husaidia kidogo sana, na ndiyo maana ubao mwembamba wa dari, hata usiozidi unene wa kidole, husaidia sana: unakingia bati lisikuone.

Nilitembelea vyumba vya safu moja nyuma ya soko, vya aina anayojenga shemeji. Fundi wa cherehani, mama wa watoto wawili, alikuwa ametoa mashine yake mlangoni. Alisema kuanzia saa tano ndani hapafanyiki kazi. Mtoto mdogo humlaza kwa jirani wa chini katika ghorofa ya kando. Nilitarajia hayo. Sikutarajia aliyoyasema juu ya usiku. Bati linalochoma mchana ndilo linalokuwa la kwanza kupoa, kwa sababu usiku wa mawingu machache linaitazama mbingu tupu na kutoa kila kitu. Kufikia alfajiri limekuwa baridi kuliko hewa ya chumbani, na pumzi za watu watatu pamoja na mvuke wa chai vinageuka matone chini yake. "Linatoka jasho," alisema, akanionyesha kwenye mbao alama za maji zilizofuata kila msumari, na beseni lililokuwa juu ya kabati. Matone huangukia blanketi. Kwenye majira ya mvua nyingi, Juni na Julai zikifuata kwa baridi, humaliza kwa kuingiza jiko la makaa ndani na kufunga mlango. Nilimwomba asifanye hivyo, kwa maana hewa ya sumu ya makaa haina harufu na imezima familia nzima zilizolala. Alinisikiliza kwa adabu. Nilijua anachokifikiria: basi niambie mtoto apate joto kwa nini.

Hivyo yule mama analipa kodi mara mbili. Ya kwanza ni ya mwenye nyumba. Ya pili ni ya taa ya mchana, makaa ya usiku, blanketi la ziada, saa za kazi zilizopotea, dawa ya kikohozi. Hiyo ya pili haimo kwenye risiti, na mwenye nyumba haioni, kwani kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Nyumba ya zamani ya Mgusii ililijua vyema jambo hili. Ilikuwa ya mviringo, ukuta wa fito na udongo, paa refu la nyasi lililoshuka chini kupita ukuta. Nyasi nene hazipitishi jua wala baridi, hazipigi kelele mvua ya mawe ikinyesha, na moshi hupenya ukaua wadudu. Kwa hali ya hewa ya hapa, yenye mchana wa nyuzi 26 hivi na usiku wa 15, ukuta wa udongo ni mali kuliko hata Lodwar: unauchukua mchana na kuupeleka usiku, hasa panapohitajika. Kilichoiua nyumba hiyo si ushamba. Nyasi zenyewe hazipo. Mashamba yamegawanywa na kugawanywa tena kati ya wana, kila futi ina mgomba au chai, na uwanda wa kuota nyasi za kuezekea haukusalia. Kilichokuja badala ya udongo ni tofali la kuchoma, lililofinyangwa mabondeni na kuchomwa kwa kuni za mkaratusi, na tofali hilo ni zuri. Ukuta wa shemeji ni wa tofali hilo, inchi tisa kamili. Ukuta hauna neno. Ni kichwani.

Kwenye ploti, ya hamsini kwa mia kama zote, vyumba kumi na viwili vilikuwa vimesimama katika safu mbili zinazotazamana, zikielekea kaskazini na kusini. Hilo lilikuwa bahati ya barabara, si mpango wa mtu, lakini bahati haikataliwi. Shemeji alikuwa na picha kwenye simu: paa la kuficha, lile lililozungushiwa ukuta juu lisionekane, ambalo siku hizi kila mjenzi anataka. Nilimwambia wazi kwamba katika mji wenye mvua zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na radi na mvua za mawe alasiri upepo wa ziwa unapokutana na ule wa mashariki, kuficha paa ni kujichimbia kisima juu ya nyumba. Fundi wake, mzee wa makamo mwenye penseli sikioni, aliitikia kwa nguvu zaidi ya nilivyotarajia. "Mwalimu, nimelisema hilo mpaka nikachoka."

Basi tukakaa juu ya rundo la mbao tukahesabu. Kuongeza kozi mbili za tofali ili bati liwe mbali na kichwa: akakubali. Kuacha matundu ya hewa chini ya paa pande zote mbili, na kofia ya paa iliyoinuliwa kidogo hewa ya moto itokee, yenye wavu wa kuzuia popo: akakubali, maana wavu ni rahisi. Bati lichomoze futi tatu kupita ukuta ili mvua na jua la jioni visiuguse: akaguna, akakubali. Bati jeupe badala ya maruni: akakataa katakata. "Watu watadhani ni zahanati, shemeji." Mti uani, hata mmoja: mti utakula nafasi ya choo.

Tukafika kwenye dari. Fundi alitaja bei ya jipsamu kwa chumba, akazidisha kwa kumi na viwili, na shemeji akasimama. Nikamweleza habari za beseni juu ya kabati. Nikamweleza kwamba mpangaji asiyetoroka joto hahami, na chumba kisichokaa mwezi mtupu kinalipa dari yake. Nikamweleza kwamba kanuni za ujenzi tulizozitumia kwa miongo mingi, zile za mwaka 1968, zilitokana na za Uingereza, nchi ambayo haijui jua la utosi, kwa hivyo asingoje afisa wa kaunti aje kumlazimisha. Alisikiliza yote. Ni mtu mzuri, anasomesha watoto wa ndugu zake, na deni la chama liko shingoni mwake. Akapiga hesabu upya kwenye simu.

"Dari nitaweka moja," akasema. "Chumba cha mbele, karibu na geti."

Fundi akauliza kwa nini hicho.

"Hicho nitakaa mimi nikija kuchukua kodi."

Hakuna aliyecheka. Fundi alitoa penseli sikioni akaandika kwenye ubao: jipsamu, chumba 1. Halafu, shemeji alipokwenda kujibu simu, akanisogelea. Alikuwa amesikia nikitaja mikeka ya mafunjo ya Kisumu. Kama ikipigwa chini ya mbao, ikapakwa chokaa, mbali na jiko, na mchwa wakizuiwa, aliona inaweza kuingia katika vyumba kumi na kimoja vilivyobaki bila kuongeza lolote kwenye bajeti ambalo tajiri angeliona. Alitaka kujua tu kama inauzwa kwa futi au kwa kipande, na kama kuna gari linalopanda huku alfajiri.